Keshi ni nini, na kwanini kuifuta sio sawa na kufuta data

Simu ikianza kuandika "storage full" kila mtu anakuwa fundi, huyu anakwambia futa keshi, yule futa data, mwingine rudisha simu kama ilivyotoka dukani. Mama yangu mdogo anauza vitenge na oda zake zote pamoja na vipimo vya wateja vilikuwa WhatsApp, akampa simu kijana mmoja ampunguzie mafaili, kijana akabonyeza clear data hafu akafuta na folda nzima ya WhatsApp, na bakapu ya Google (nakala ya akiba) mama hakuwahi kuiwasha. Oda za miezi ikawa basi. Kwaiyo naomba tuelewane kwenye haya maneno mawili.

Keshi ni vitu ambavyo app imeshavishusha au kuvitengeneza ikaviweka karibu ili isivitafute upya, mfano picha za profaili, vipande vya video ulizoangalia, kurasa ulizofungua kwenye Chrome. Chukulia mama ntilie, asubuhi anakatakata vitunguu na nyanya anaweka kwenye bakuli, mteja akija anachota tu. Ukimwaga lile bakuli biashara haijafa ila mteja anayefuata atasubiri na vitunguu vitanunuliwa tena. Kwa simu vitunguu ni bando lako, ndo maana kufuta keshi kila siku haina maana, app itazishusha zile picha upya na nafasi itajaa tena. Android yenyewe ikibanwa sana huwa inazifuta baadhi.

Data sasa ndo jiko, sufuria na daftari la madeni. Hapo kuna akaunti uliyoingia, meseji, setingi, mambo uliyosevu. Ukibonyeza clear data app inarudi kama umeiinstoo leo. Kama vitu vyako vipo kwenye seva, yaani kompyuta za wenye app, utaingia na paswedi utavikuta, kama vilikuwa kwenye simu tu vimeenda.

Na hapa ndo app zinapotofautiana. Telegram inaweka meseji na mafaili kwenye seva zake, ukifuta keshi yake unaweza kupata hata GB kadhaa na ile video ukiitaka unaishusha tena (chati za siri ndo hazimo). TikTok, Instagram na Facebook nazo keshi zake huwa nono, anzia huko. WhatsApp ni tofauti kabisa, keshi yake ni ndogo, mzigo wake ni zile video za magrupu, za harusi, za mahubiri, vichekesho, na hizo sio keshi, ni mafaili. Ingia setingi za WhatsApp, sehemu ya storage and data, hafu manage storage, utaona mafaili yanayozidi MB 5 yamewekwa pamoja na yale yaliyoforwadiwa mara nyingi, unachagua mwenyewe kipi kiende. Cheki na folda ya Sent kwenye video za WhatsApp, watu wengi hawajui ipo, video uliyotuma inaweza kuwa imebaki humo kama kopi ya pili wakati ya kwanza ipo kwenye galari.

Kingine, ukifuta picha kwenye Google Photos inaenda kwanza kwenye takataka, inakaa siku 30, au 60 kama ilishabakapiwa, ndo maana unafuta picha mia mbili na simu bado inalia imejaa. Imwage na takataka yenyewe.

Wa iPhone msihangaike kutafuta kitufe cha keshi kwa kila app, hakipo kwenye setingi. Kuna offload app, hiyo inaondoa app yenyewe inaacha nyaraka na data zake, ukiirudisha unaendelea ulipoishia. Delete app ndo inabeba vyote, kwaiyo soma kwanza neno kabla kidole hakijashuka.