Oili nzito haizibi uvujaji

Kuna ujumbe unarudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza: gari likivuja oili, mwaga iliyomo, weka nzito, umemaliza. Si kweli. Oili hupenya kwenye gasketi (kizibo chembamba kati ya vyuma viwili) iliyokakamaa, oili sili (pete ya mpira inayozuia oili) iliyolika au nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) iliyolegea, na uzito wa oili hautengenezi hata kimoja. Matone hupungua kidogo, ndipo watu wanapoamini. Lakini asubuhi ukiwasha, oili hiyo huchelewa kufika juu ya injini.

Kagua mwenyewe. Injini ikipoa, ifute kwa kitambaa, tandika boksi chini, uliache gari lilale. Doa jeusi au la kahawia mara nyingi ni oili ya injini. Jekundu mara nyingi ni haidroliki ya giaboksi. (Maji safi baada ya safari ya jua kali ni ya AC tu.) Kisha tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa, maana oili huteremka: wengi hulaumu sampu kumbe ni gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini.

Stiki ya kupimia oili, itumie gari likiwa tambarare. Kwenye miinuko ya Bugando itakudanganya. Na ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze.