Vitabu vya miezi minne: ninavyomchagulia mtoto aliyemaliza darasa la saba

Mtihani wa darasa la saba ukishaisha Septemba, watoto huja maktabani kurudisha vitabu. Huviweka mezani, nami nakata majina yao kwenye daftari la kuazima, na kwa wengi wao hapo ndipo kitabu cha hadithi kinapoagwa. Kidato cha kwanza hakianzi mpaka Januari. Ni karibu miezi minne ambayo mtoto wa miaka 13 anakaa nyumbani akichota maji, akilea mdogo wake, akimsaidia mama gengeni, na asisome hata ukurasa mmoja.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilikabidhiwa maktaba ya shule ya msingi hapa Tanga miaka 13 iliyopita, na tangu hapo Septemba kwangu ndio mwezi wa kazi kubwa kuliko yote. Simruhusu mtoto wa darasa la saba aondoke mikono mitupu. Wazazi na walimu wenzangu huniuliza nachaguaje, maana wakinunua wao, vitabu hubaki kabatini na jalada lake likiwa jipya. Nitaeleza ninavyofanya.

Nianze na lugha, maana ndipo penye mvutano. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akieleza mzunguko wa maji kwa ufasaha mwezi wa nane, Januari anainamisha kichwa asiulizwe. Wazazi wanalijua hilo, ndiyo maana wengi huwapeleka watoto twisheni ya maandalizi ya fomu wani. Twisheni sina ugomvi nayo. Linaloniumiza ni pale mama anapokuja na kuniambia, "Mwalimu, Kiswahili sasa basi, mpe Kiingereza kitupu." Nikimwangalia mtoto wake kwenye daftari langu, naona hajawahi kumaliza kitabu cha kurasa 60 kwa lugha anayoiota usiku.

Mtu hujifunza kusoma kitabu kirefu mara moja tu. Kukumbuka mhusika aliyetajwa sura ya pili na kuibuka tena sura ya saba, kuvumilia kurasa tatu ambazo hazijakolea, kukisia maana ya neno kwa kuangalia lililotangulia na linalofuata: akiyajua hayo kwa Kiswahili, anaingia nayo kwenye Kiingereza. Asipoyajua, Kiingereza kitamdai vitu viwili kwa pamoja na atashindwa vyote. Kwa hiyo katika furushi langu kila kitabu kimoja cha Kiingereza kinasindikizwa na viwili vya Kiswahili. Mama akinung'unika, namwomba anipe mpaka Novemba.

Nikishajua uwiano, namkalisha mtoto kwenye benchi la dirishani na kumpa kitabu nilichokikisia. Simwambii asome mwanzo, maana mwanzo wa kitabu mara nyingi huwa mwepesi kuliko katikati. Nafungua ukurasa wa 20 hivi, namwambia asome kwa sauti. Kama kitabu ni cha Kiingereza, anakunja kidole kila anapokutana na neno asilolijua. Vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kitabu kinarudi kwenye rafu. Walimu wengi wa kusoma duniani wanaitumia njia hii ya vidole, na haiko mbali na matokeo ya utafiti. Mwaka 2000 watafiti Marcella Hu na Paul Nation walichunguza msomaji wa lugha ya kigeni anahitaji kujua maneno mangapi ili aelewe hadithi bila msaada, wakafikia karibu asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Ukurasa wa kitabu cha watoto una maneno kama 200. Asilimia mbili ya hayo ni maneno manne. Kidole cha tano ndicho kinachomzamisha.

Ukilijua hilo utaona kwa nini vitabu vingi vya Kiingereza wanavyonunuliwa watoto hawa ni vigumu mno kwao. Mzazi ananunua riwaya ya kurasa 150 yenye herufi ndogo kwa sababu ameambiwa sekondari ni ngumu. Mimi natoa kijitabu chembamba cha kurasa 30 au 40, chenye picha kila baada ya kurasa chache na sentensi fupi. Natoa viwili vya namna hiyo badala ya riwaya moja. Mtoto aliyemaliza vitabu viwili vya Kiingereza, hata vyembamba, anaingia fomu wani akijiona ni mtu anayesoma Kiingereza. Aliyekwama ukurasa wa tisa wa riwaya nene anaingia akijua kwamba hawezi, na kulikwangua jambo hilo moyoni mwake ni kazi ya mwaka mzima.

Vile vitabu vya Kiingereza vinavyosomwa darasani kidato cha kwanza na cha pili, kama Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala ambacho kimetumika miaka mingi, mimi simpi. Ni kizuri, lakini kina zamu yake. Afadhali mwalimu wake akikute kikiwa kipya kwake.

Kwa Kiswahili vidole havinisaidii, maana maneno wanayajua. Huko nasikiliza pumzi. Je, anatua penye kituo au anapumua popote inapomkuta? Je, sauti inabadilika mhusika anapoanza kusema? Je, akifika mwisho wa ukurasa anainua macho kuniangalia, au mkono unakwenda wenyewe kufungua unaofuata? Hiyo ya mwisho ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. Mwaka juzi msichana mmoja alisoma ukurasa wake, nikamwambia, "Ahsante, inatosha." Hakunisikia. Alikuwa ameshaacha kutoa sauti, midomo inacheza tu, kidole kinafuata mstari, na nywele za msuko uliofumuka zimemwangukia usoni asizitoe. Nikaandika jina lake na namba ya kitabu, nikaendelea na mwingine. Alikuja kushtuka kengele ya saa saba ilipogongwa.

Hapa Tanga tuna jaribu letu la peke yetu. Shaaban Robert ni wetu, alizaliwa Vibambani, jirani na Machui, mwaka 1909, na kila mwalimu wa Kiswahili wa mkoa huu anaona ni haki mtoto amsome. Na mimi naona hivyo. Lakini miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nawapa Kusadikika wote, kwa sababu ndicho ninachokipenda mimi, na Januari vilirudi vikiwa na alama ya kidole kwenye kurasa kumi za kwanza tu. Kitabu kile ni cha hoja na mashtaka, mtu mzima anakitafuna, mtoto wa miaka 13 anakitema. Nilikosea, na nadhani wapo niliowakimbiza wasimsome tena mzee yule. Siku hizi nawapa Adili na Nduguze, na nawapa baada ya kuwasomea mwenyewe kwa sauti mpaka pale inapojulikana kwamba liwali mwema, mpole kwa kila mtu, ana nyani wawili anaowapiga viboko kila usiku. Nikifika hapo nafunga kitabu. Maneno magumu yamo humo pia, tena mengi, lakini mtoto anayetaka kujua wale nyani ni akina nani atayaruka maneno kama mbuzi anavyoruka mfereji.

Kinachombeba mtoto wa umri huu ni swali linalodai jibu. Kwa hiyo wavulana ambao wameshaniambia "mimi sipendi kusoma" nawapeleka kwenye upelelezi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake, yuko kwenye maandishi tangu 1960 kilipotoka Mzimu wa Watu wa Kale, na bado anawaweka macho watoto waliozaliwa nusu karne baadaye. Kiunguja chake kinawapa shida kidogo watoto waliohamia kutoka bara, hao nawaandikia maana za maneno kama kumi kwenye kikaratasi na kukibandika ndani ya jalada. Riwaya za ujasusi za watu wazima wanaziona nyumbani kwa kaka zao na wananiomba. Hizo nakataa, kwa sababu ya mambo ya chumbani yaliyomo, na nawaambia wazi sababu ni hiyo. Mtoto ukimdanganya kwamba kitabu hakipo atakwenda kukitafuta.

Wasichana wengi wa rika hili wanatafuta kitu kingine, hadithi ya msichana kama wao aliyekutwa na jambo zito: ameachishwa shule, ameahidiwa mume, mwili wake umeanza kubadilika na hana wa kumuuliza. Baadhi ya walimu huvikwepa vitabu hivyo wakiogopa wazazi. Mimi navitoa, ila navisoma kwanza mimi, neno kwa neno, na mzazi akija kuuliza namfungulia ukurasa wenyewe. Kuhusu kinachoruhusiwa shuleni, mwalimu asifanye mzaha. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya hadithi visitumike shuleni kwa sababu za maadili, na baadhi vilikuwa vimeingia kwenye rafu za shule kwa sababu tu jalada lilichekesha. Kitabu nisichokisoma hakitoki maktabani kwangu.

Uchaguzi wa mwisho anao mtoto. Hili walimu wenzangu hulipinga sana. Mimi napanga vitabu kumi mezani, vyote vikiwa vya kiwango chake, yeye anachukua sita: vinne vya Kiswahili, viwili vya Kiingereza. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2010, wa Richard Allington na Anne McGill-Franzen na wenzao, ambao naueleza kila kikao cha wazazi. Huko Florida waliwapa watoto wa shule za msingi wa familia maskini vitabu 12 kila likizo ndefu ya kiangazi, kwa miaka mitatu mfululizo, na vitabu hivyo watoto walijichagulia wenyewe. Mwisho wake watoto wale walisoma vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa. Wao wana vitabu 12, mimi nina sita, na hivyo sita navipata kwa kushona vilivyochanika kwa uzi wa viatu na gundi. Lakini kujichagulia hakununuliwi, na ndiyo sehemu ambayo shule yoyote inaweza kuiiga kesho asubuhi.

Na baada ya hapo, usimpe mtihani. Shule moja niliyowahi kufundisha ilidai muhtasari wa ukurasa mmoja kwa kila kitabu cha likizo. Tulipokea mihtasari 40, na 31 kati yake ilikuwa na kosa lilelile la tahajia kwenye jina la mhusika mkuu. Mtoto mmoja alikuwa amesoma, wengine walikuwa wamenakili, na hata yule aliyesoma alikuwa amefanya hivyo kwa kuwatumikia wenzake. Mimi naomba kitu kimoja tu: akirudisha kitabu aniambie ni ukurasa gani angetaka nimsomee mdogo wake. Mtoto ambaye hakusoma hana jibu. Aliyesoma anafungua palepale, na mara nyingi anaanza kusoma yeye.

Kuna mambo madogo ya nyumbani ambayo hayaandikwi popote lakini yanaamua kila kitu. Sura ziwe fupi, kurasa tano au sita, kwa sababu mtoto huyu atasoma kati ya kuosha vyombo na kutumwa dukani. Herufi ziwe kubwa kidogo, maana jioni anasoma kwa taa ya sola ndogo au tochi ya simu ya baba. Kitabu kivalishwe nailoni, kitawekwa karibu na jiko. Vitabu vyote sita visitoke kwa mara moja. Natoa vitatu Septemba, vitatu vingine anavifuata Novemba wiki ya kwanza, wakati ambao matokeo huwa yametoka au yanakaribia na watoto wanapita shuleni hata hivyo. Mzazi aliye mbali na shule yenye maktaba aulizie maktaba ya mkoa, ile ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ina sehemu ya watoto na nafasi ya kukaa kimya ambayo nyumba nyingi hazina.

Yule msichana wa dirishani alikuja Novemba na vitabu vyake vitatu kwenye mfuko wa rambo, akifuatana na mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa ameniambia Kiswahili basi. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Kimoja kilikuwa na doa la mafuta ya nazi kwenye jalada, na mama aliomba radhi kwa ajili ya doa hilo kabla hata ya kukaa. Ni la kwake, alisema. Alikuwa anasubiri wali ukauke, akakichukua aone mwanawe anachekea nini. Akauliza kama kile cha Bwana Msa kiko peke yake au kina ndugu. Nikamwandikia jina lake kwenye daftari la kuazima, chini ya la binti yake.