Taimingi belti na sili zake: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

"Belti ikichoka italia kwanza"

Hili ndilo ninalolisikia zaidi hapa Nyakato, Mwanza, na ndilo linaloacha watu kati ya Magu na Lamadi usiku, mizigo imejaa. Kinacholia asubuhi ukiwasha gari ni feni belti, ile ya nje inayozungusha alteneta, ambayo watu huipaka sabuni ili inyamaze. Taimingi belti imefichwa nyuma ya kava. Ni mpira wenye meno, ndani umelazwa nyuzi za kioo, na kazi yake ni kuhakikisha krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kemshafti, mhimili unaosukuma valvu, inazunguka mara moja, ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Huchoka kimya. Gari inatoka Kirumba vizuri kabisa, inafika Igoma inazimika ghafla. Ukipiga stata, injini inazunguka kwa wepesi ambao hujauzoea, na haiwaki.

"Dashibodi inasoma elfu themanini, bado sana"

Toyota nyingi za zamani zimepangiwa kubadilishwa belti kila kilomita 100,000. Lakini mpira huzeeka hata gari ikiwa imeegeshwa, na gari iliyopita mikono mitatu kabla ya kufika kwako, namba ya dashibodi huwezi kuilia kiapo.

Angalia chini ya boneti au kwenye kava la belti. Gereji za Japani hubandika lebo ya siku belti ilipobadilishwa na kilomita zilizokuwepo. Hapo kuna mtego. Mwalimu mmoja wa Misungwi aliniletea Corolla akiwa na furaha kwamba belti ni ya mwaka 2020, kwa kuwa lebo ilikuwa imeandikwa 20 na mwezi wa 6. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo 20 yake ni 2008. Gari yenyewe ilishuka melini kabla ya 2020, basi hesabu haikuwa na njia nyingine. Tulipofungua, mgongo wa belti ulikuwa na nyufa kama ardhi ya majaruba kiangazi.

"Badilisha belti tu, sili bado nzima"

Hapa naomba msomaji atulie nami, kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe.

Mama mmoja anayebeba dagaa kutoka Mwaloni alileta Noah ya zamani ya petroli, injini ya 3S-FE. Nikafunga belti mpya na tenshena mpya, ile inayoikaza belti. Sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke pale mhimili unapochomoza, nilizitazama, zilikuwa kavu, na pesa ilikuwa imembana, nikaziacha. Miezi mitano baadaye akarudi.

"Mwanangu, si uliniambia hii nimeisahau kwa miaka?"

Nilipotoa kava, belti ile ile mpya ilikuwa imelowa oili na kuvimba. Meno yake ukiyabana kwa kucha yanabonyea. Sikumtoza ufundi mara ya pili, ila belti na sili alinunua tena, na siku mbili za biashara zilikuwa zimepotea.

Sili iliyokaa miaka ishirini kwenye joto la injini mdomo wake huwa mgumu kama plastiki. Leo inaweza kuonekana kavu, kesho ikaanza kutoa jasho, na oili ndiyo adui mkubwa wa mpira ule. Kwenye 3S-FE sili ni tatu mle ndani: ya kemshafti, ya mbele ya krenki, na ya pampu ya oili, ambayo nayo inazungushwa na belti hiyo hiyo. Pampu ya maji pia iko kwenye mkondo huo. Ikianza kuvuja maji baadaye, unarudia kazi yote: kufungua puli, kila kitu. Kwenye 5A-FE ya Corolla pampu ya maji inazungushwa na belti ya nje, lakini sili ya kemshafti na ya krenki zinabaki kuwa za lazima. Sili moja ni bei ndogo sana ukilinganisha na ufundi wa kufika ilipo.

Namna ya kuivalisha nayo ina maana. Fundi akiichokoa ya zamani kwa bisibisi tupu akaukwaruza mhimili, ile mpya itavuja siku hiyo hiyo. Pitisha kucha pale mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua. Ikinasa kwenye mfereji, ikalishe sili mpya milimita moja pembeni ya pale pa zamani. Paka mdomo oili, isukume kwa kipande cha bomba kinachoenea ukingo wake wote, iingie bila kukaa upande.

"Ikivuja, zungushia silikoni"

Hapana. Oili inapita kati ya mdomo wa sili na mhimili unaozunguka, na hapo silikoni haiwezi kushika.

"Belti ikikatika injini imekufa"

Inategemea. Kwenye 4A-FE, 5A-FE na 3S-FE pistoni haiifikii valvu iliyofunguka. Unavutwa hadi gereji, unafunga belti, unaendelea na maisha. Dizeli kama 3C au 1KZ ni habari nyingine: pistoni hupanda hadi karibu kabisa na hedi, kichwa cha injini zilimo valvu, na valvu hupinda. Noah mbili zinazofanana kwa nje, moja petroli na nyingine dizeli, hazina hatari sawa. Vitz na IST zina cheni, usikubali kuuziwa belti.

"Alama zimekaa, washa"

Alama hizo ndizo za kupangia krenki na kemshafti, lakini usiwashe. Weka spana kwenye bolti ya krenki, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, upande injini inakozungukia, kisha tazama alama upya. Tenshena ikijipanga, jino moja linaweza kuruka. Ukihisi imegonga chuma na kugoma, usiilazimishe. Toa belti, anza kupanga tena.