Maswali na Majibu Kuhusu CT-Scan na MRI: Kichwa Hakingoji Asubuhi

Swali: CT-Scan na MRI zinatofautianaje?
Jibu: Zote mbili ni mashine za kupiga picha za ndani ya mwili. CT-Scan hutumia mionzi ya eksirei na kompyuta, na kwa kichwa kipimo humalizika katika dakika chache. MRI hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio. Huonyesha ubongo na uti wa mgongo kwa undani zaidi, ila yaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Kwa sababu hiyo, katika dharura ya kichwa tunaanza na CT-Scan karibu kila mara.

Swali: Mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauinuki na maneno hayaeleweki. Tusubiri tuone kama atapata nafuu?
Jibu: Hapana. Hizo ni dalili za kiharusi. Msisubiri kupambazuke, msisubiri mkubwa wa familia arudi safari, wala msisubiri presha ishuke. Mgonjwa anapolazwa kwenye meza ya mashine, swali letu la kwanza kwa ndugu zake ni moja: ilianza saa ngapi? Jibu tunalolisikia mara nyingi mno ni kwamba ilianza jana jioni, akalala, wakadhani ni uchovu. Dawa ya kuyeyusha donge la damu kwenye mshipa wa ubongo hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi kabla ya picha, kwa kuwa kiharusi cha mshipa kuziba na kile cha mshipa kupasuka hufanana kwa macho, ilhali dawa inayomsaidia mgonjwa wa kwanza yaweza kumuua wa pili. Baadhi ya wagonjwa huweza kuvutwa donge hilo kwa mrija hata hadi saa 24, lakini ni wale tu ambao picha imeonyesha kuwa bado wana sehemu ya ubongo ya kuokolewa. Hiyo si ruhusa ya kukaa nyumbani.

Swali: Basi tumpe aspirini tukiwa njiani?
Jibu: Hapana, kwa sababu ile ile: hamjui kama mshipa umeziba au umepasuka. Msimpe pia chakula wala maji, kwani koo lililopooza hupitisha vitu kwenye mapafu.

Swali: Dalili zimekwisha zenyewe baada ya dakika 20. Kuna haja ya kwenda?
Jibu: Ipo, na ni leo. Dalili za aina hiyo huweza kutangulia kiharusi kikubwa, na siku chache za mwanzo ndizo za hatari zaidi.

Swali: Kijana ameanguka na pikipiki, alizimia kidogo, sasa anazungumza vizuri na anataka kulala. Tumwache apumzike?
Jibu: Hapana, hapana tena. Mshipa ulio kati ya fuvu na utando wa ubongo ukichanika, mtu aweza kuamka, akasimulia ajali yote, kisha saa chache baadaye akaanza kukoroma kwa namna ambayo waliomzunguka huiita usingizi mzito. Kwenye skrini tunaona doa jeupe lenye umbo la lenzi limebana ubongo, na mstari wa katikati umesukumwa upande. Picha hiyo hiyo ndiyo inayomwelekeza daktari wa upasuaji afungue fuvu mahali gani ili damu itoke. Akifikishwa mapema, wengi hupona vizuri. Akifikishwa mboni moja ikiwa imeshapanuka, tunapigania kilichobaki. Aliyezimia, anayetapika mara kwa mara, aliyepata degedege, anayezidi kuumwa kichwa au asiyeamka kirahisi apelekwe usiku huo huo.

Swali: Tulipiga eksirei ya fuvu, ikaonekana haina mvunjiko. Haitoshi?
Jibu: Haitoshi. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa; damu iliyo ndani haionekani. Na mzee aliyejigonga wiki kadhaa zilizopita, ambaye sasa anasahau na anayumba, asiambiwe kwamba ni umri tu, hasa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Damu huweza kujikusanya polepole.

Swali: Tunaogopa mionzi.
Jibu: CT-Scan moja ya kichwa ni takriban milisivati 2, kiasi kisichofikia kile ambacho mtu wa kawaida hukipata kwa mwaka kutoka katika mazingira. Mjamzito aseme mapema, naye hatanyimwa kipimo cha dharura. Kwenye MRI hakuna mionzi hiyo, ila mwenye betri ya moyo au klipu ya chuma kichwani lazima aseme kabla hajaingia chumbani.

Swali: Mgongo unauma tangu juzi. Nifanye MRI?
Jibu: Mara nyingi hapana, maumivu mengi ya mgongo hutulia bila picha yoyote. Inashangaza kwamba wapo wanaoidai MRI kwa maumivu ya siku mbili huku jamaa yao aliyepooza akichuliwa mafuta chumbani. Lakini ukifa ganzi sehemu za siri, ukashindwa kukojoa au miguu ikalegea, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Swali: CT-Scan imesomwa kuwa haina tatizo, ila mkono bado hauinuki. Turudi nyumbani?
Jibu: Hapana. Katika saa za mwanzo mshipa ulioziba huenda usiache alama yoyote kwenye CT-Scan. Picha hiyo imethibitisha tu kwamba hakuna damu iliyovuja. Kaeni hapo, na mumwambie daktari saa kamili mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho.