Je, wajua kwa nini baiskeli huwa nzito ukiwasha taa ya dainamo?

Aliyewahi kuendesha baiskeli usiku anaujua uzito ule. Unaibana dainamo kwenye ubavu wa tairi, kichwa chake kinazunguka na kuvuma, taa inawaka, na papo hapo pedali zinagoma kana kwamba umekutana na upepo wa mbele. Wengi hulaumu msuguano wa tairi. Upo, lakini chomoa waya wa taa huku dainamo ikizunguka vilevile: miguu itapata nafuu. Basi uzito mwingine ulitoka wapi?

Ndani mna sumaku inayozunguka, na koili ya waya mwembamba wa shaba. Havigusani. Sumaku ikitulia, hata iwe kali vipi, waya hauambulii kitu; ndiyo maana ukisimama taa huzimika. Umeme huzaliwa pale tu uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufika, unaopita kwenye koili unapobadilika. Hiyo ndiyo induksheni.

Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeanzia kazi ya kujalidi vitabu, aliligundua jambo hili London mwaka 1831. Tarehe 29 Agosti alichukua pete ya chuma, akaizungushia koili mbili zisizogusana. Alipounga betri kwenye koili moja, sindano ya sumaku iliyowekwa karibu na waya wa koili ya pili ili kuonyesha umeme ukipita iliruka, kisha ikatulia, na betri bado imeungwa! Alipoikata, sindano ikaruka tena, safari hii kinyume. Katika majaribio yote ya fizikia, hili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu mwingine angeona sindano imetulia akadhani ameshindwa. Oktoba aliingiza sumaku tupu ndani ya koili, bila betri, na sindano ikacheza.

Uzito wa pedali ulielezwa na mwanafizikia Heinrich Lenz mwaka 1834. Mkondo wa umeme ukishapita, koili nayo hugeuka sumaku, na humpinga aliyeuleta: sumaku ya dainamo ikikaribia inasukumwa, ikiondoka inavutwa nyuma. Mguu wako ndio unaoshinda ubishi huo, na nguvu hiyo ndiyo inayotoka kwenye balbu kama mwanga na joto. Ukichomoa waya, mkondo hukosa njia na ubishi huo huisha.

Kwenye Bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji, ziko mashine 9 za megawati 235 kila moja, na kanuni ni hiyohiyo. Jioni watu wakiwasha taa na pasi, mashine huwa nzito kuzunguka, na milango ya maji hulazimika kufunguka zaidi.