Ruta mbili, nyumba moja ya Ujiji

Mteja wangu wa Ujiji alinipigia amekasirika. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, na uani kuna vyumba viwili anakokaa mwanawe. Ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, iko sebuleni. Uani waifai inashika mara moja moja. Alishanunua kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachodaka waifai na kuirusha tena. Alama zikajaa, kasi ikawa ya kobe. Kidude kikipokea na kurusha kwa masafa yaleyale, karibu nusu ya kasi inapotea hapo.

Mimi nafuata kitu kimoja: kisichohama nakipa waya, kinachotembea nakiachia waifai. Na ruta ya pili nayo haihami.

Nikavuta waya wa mtandao mita 35 hadi uani, ndani ya bomba ili jua lisiule. Ukomo wake ni mita 100, kwa hiyo tulikuwa salama. Dukani nilikwangua uzi mmoja kwa wembe, muuzaji hakufurahi. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, achana nayo.

Uani tukaweka ruta yake ya zamani. Hapa niliwahi kuumbuka kwa mteja mwingine: nilichomeka waya tu, nikaenda zangu. Jioni nusu ya simu zina intaneti, nusu hazina. Ruta zote mbili zilikuwa zinagawa anwani, yaani namba ya kutambulisha kila kifaa, na kila moja inajiita 192.168.1.1! Siku hizi naanza na ruta ya pili ikiwa peke yake: naipa 192.168.1.2, nazima DHCP (ndiyo inayogawa anwani), ndipo waya unaingia tundu la LAN (la vifaa vya ndani), siyo WAN (la intaneti inayotoka nje). Jina la waifai na nywila ni vilevile. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, sebuleni nikaweka chaneli 1, uani 11, zisigongane. Gigahezi 5 ina kasi, lakini kuta za hapa zinaimaliza haraka.

Kilichobaki ni radi. Waya wa shaba kati ya majengo mawili ni hatari, basi nikamwambia, mawingu yakianza kutanda, chomoa pande zote mbili.

"Kwani fundi, hakuna njia ya kutochomoa?"

Ipo, faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga, haipitishi umeme. Nikamtajia bei na vifaa vyake. Akasema atachomoa.