Ubainifu wa kitambuzi cha eksirei ni nini?

Shika garneti ya kijani ya Namungo, wilayani Ruangwa, uimulike kwa tochi. Ile kijani inayong'aa haitokani na viungo vikuu vya jiwe. Garneti ya aina hiyo ni kalsi, alumini, silikoni na oksijeni, na ikiwa safi haina rangi. Kijani ni kazi ya vanadi, pengine na kromi, zilizopenya kwa uchache wakati jiwe likijijenga ardhini. Elementi zinazoingia kwa uchache namna hiyo huitwa elementi haba. Hupimwa mpaka sehemu kwa milioni, yaani gramu 1 ndani ya tani nzima.

Kuzijua bila kulipasua jiwe kuna njia. Jiwe likipigwa eksirei, kila elementi iliyomo hurudisha eksirei zake yenyewe, zenye nishati isiyobadilika. Mwanafizikia Mwingereza Henry Moseley alionyesha mwaka 1913 kuwa nishati hiyo hufuata namba ya atomu, yaani idadi ya protoni zake. Kwa hiyo ukiipima nishati, umeijua elementi. Shida ni majirani. Titani, ambayo nayo hupatikana katika garneti hizi, hutoa mwale mkubwa na mwingine mdogo wa elektrovolti 4,932 (elektrovolti ni kipimo cha nishati ndogo kama hizi). Mwale mkuu wa vanadi una 4,952. Tofauti ni 20 tu.

Hapo ndipo neno ubainifu linapoingia: ni uwezo wa kitambuzi, yaani kifaa kinachopokea eksirei na kupima nishati yake, kutenganisha nishati mbili zilizokaribiana. Chukua mifuko miwili ya korosho zilizobanguliwa, mmoja gramu 4,932, mwingine 4,952, uiweke kwenye mizani inayoyumba gramu 120 huku na huku. Muuzaji wa Mtwara mjini atakwambia mifuko ni sawa, na hadanganyi. Mizani yake ndiyo butu. Kitambuzi cha kawaida cha silikoni, kile kilichomo hata kwenye mashine za mkononi zenye umbo la bastola, kina utandavu, yaani upana ambao nishati moja husambaa ikipimwa, wa takriban elektrovolti 120 hadi 130. Miale hiyo miwili kwake ni kilima kimoja, na programu ya kompyuta hulazimika kukisia kila mwale una fungu gani.

Silikoni ina ukomo wake. Kila mwale hung'oa elektroni, na mashine huzihesabu. Mwale wa vanadi hung'oa kama 1,350, lakini hesabu hiyo hupanda na kushuka kidogo kila mara, hata nishati ikiwa ileile.

Vitambuzi vya ubainifu wa juu huacha kuhesabu elektroni, vikapima joto. Mwale mmoja huangukia kipande kidogo cha metali kilichopoozwa hadi karibu sehemu 1 ya 10 ya digrii juu ya baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri. Metali hupata joto kidogo mno, nalo husomwa. Utandavu hushuka hadi elektrovolti chache, na kilima kimoja kinagawanyika kuwa viwili. Ni ufundi unaonivutia sana, ila jokofu lake ni ghali, na kila kipande hupokea miale polepole, ndiyo maana hupangwa vingi pamoja.

Kwa hiyo ukikabidhiwa karatasi ya vipimo vya jiwe lako, angalia titani kwanza. Ikiwa nyingi na vanadi ni kidogo, uliza kitambuzi kilikuwa cha aina gani kabla hujakubali bei.